Gari Halisifiwi Njiani

Dubai, 9 Machi 1996

Kwa Baba, Mzee Haroub, Chang'ombe.

Shikamoo Baba. Mie mzima, chakula nakula, swala naswali, usiwe na wasiwasi.

Huyu Anwar anayekuletea barua hii anakuletea na boksi. Usimfokee Wahiba, si yeye aliyeniagiza. Ndani kuna mashine ya gemu inayochomekwa kwenye televisheni, na kaseti moja ya mbio za magari. Hapa dukani ndiyo inayotoka kuliko zote. Watu wazima na ndevu zao wanasimama mbele ya kioo, wakifika kwenye kona wanapinda mabega utadhani wamo ndani ya gari. Nikiwaona nakukumbuka wewe.

Toka ulivyokatwa mguu sina raha. Mtu aliyeendesha lori Dar mpaka Tunduma maisha yake yote, leo anakaa barazani anatazama magari ya wenzake yakipita! Nikasema basi, kama Baba hawezi kulifuata gari, gari limfuate Baba. Cheza, halafu uniambie ukweli wako. Wateja wa hapa wanasifu tu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kushika lori.

Pasipoti yangu bado iko kwa tajiri, mpaka mkataba uishe Desemba. Nikirudi tutashindana, humo ndani kuna vishikio viwili. Jiandae kushindwa.

Mwanao,
Hamoud


Chang'ombe, 2 Aprili 1996

Mwanangu Hamoud,

Marahaba. Anayeandika ni mdogo wako Wahiba, anayesema ni mimi, na nimemwambia asipunguze neno hata moja.

Mashine imefika na gari lako nimeliendesha. Umetaka ukweli, haya, upokee kwa mikono miwili.

Halina honi. Nimebonyeza kila kidude, hakuna. Gari bila honi la nini, la kunyatia watu? Halafu hicho kishikio, Wahiba anakiita pedi, unaendesha kwa vidole gumba. Mimi niliyeshika usukani wa lori, leo napukuchua mahindi! Na barabara yenyewe imefagiliwa. Hakuna punda, hakuna mama na ndoo yake kichwani, hakuna trafiki wa kukuomba ya chai, mzani hakuna, tairi halipasuki. Utingo sijamwona. Mzigo nao sijauona. Sasa hawa wanakimbilia wapi?

Kuna mlima pale baada ya daraja. Kuushuka, mchezo unataka ukanyage mafuta mpaka mwisho. Nikamwambia Wahiba zima hicho kitu nisije nikatukana mbele yako. Mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Kule Kitonga wamelala wengi waliodhani vingine.

Lakini lililoniudhi hasa ni hili. Niligonga mwamba, gari likapaa, likabiringika, likabiringika tena, mwisho likarudi barabarani kwa magurudumu yake, rangi haijachubuka, linaniambia twende. Astaghfirullah! Hamoud, mimi nimewatoa watu ndani ya magari yaliyobiringika. Aliyetengeneza mchezo huu hajawahi kumtoa mtu.

Shomari, yule fundi wa kuchomelea, amekuja kujaribu, anasema injini inalia kama cherehani ya mkewe. Na Chausiku wa maandazi kachungulia kwenye kioo akauliza, "Mbona ndani hamna mtu?" Kweli bwana, hamna. Gari linakwenda lenyewe.

Kula vizuri. Usiache swala kwa ajili ya wateja.

Baba yako,
Haroub

Kaka, hapa naongeza mie Wahiba, yeye anadhani naandika anwani. Usimwamini hata kidogo. Akishakunywa chai anakamata pedi mpaka adhuhuri, na umeme ukikatika anang'aka utadhani wamemzimia lori katikati ya Mikumi. Sijamwona hivi toka wamkate mguu. Ahsante sana.


Dubai, 28 Aprili 1996

Baba, shikamoo na Idd Mubarak.

Barua yako nimewasomea wenzangu dukani, ilibidi niwatafsirie wengine kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Kuna Msudani mmoja kacheka mpaka akakaa chini. Sasa kila mteja akija kununua hiyo kaseti wananiuliza, "Mzee wa lori kasemaje?" Umekuwa mtu mashuhuri mtaani kwetu Deira na hujui.

Suala la vidole gumba nimelisikia. Nimeshauona usukani wa kuchezea, unachomekwa kwenye mashine hiyo hiyo. Nikiupata nautuma. Kukanyaga huhitaji, mafuta na breki viko pale pale mkononi. Nilipouona tu nikasema huu umetengenezewa Baba yangu.

Ila na mimi nina ombi. Baba, lisifu basi hata kwa neno moja. Siyo gari, mchezo. Siyo mchezo, rangi zake tu. Toka nizaliwe sijakusikia ukisifu kitu nilichokuletea. Nilileta matokeo ya darasa la saba ukaniuliza aliyekuwa wa kwanza ni nani. Nilipopata kazi huku ukaniuliza wanalipa tarehe ngapi. Sikulaumu, najua ulivyo. Lakini huku ni mbali, mtu unachoka, na neno moja lingenifikisha Desemba.

Mwanao,
Hamoud


Chang'ombe, 20 Mei 1996

Hamoud,

Mwambie huyo Msudani asicheke, aje huku nimpe funguo za lori ashuke Kitonga.

Nimeusikia usemi wako. Sasa sikiliza, hili ulilijua ukiwa mdogo, kuzoea viyoyozi ndiko kumekusahaulisha. Gari halisifiwi njiani. Suleiman niliyekuwa nikiongozana naye, tulisimama Mikumi tunakunywa chai, akaligonga lori lake ubavuni akasema, "Mashine hii haijawahi kuniangusha." Nikamwambia, we Suleiman, fumba mdomo. Akacheka. Hatukufika Iyovi. Sikumwona tena mpaka nilipomfunika kwa turubai langu.

Gari linasifiwa likishafika. Limezimwa, mzigo umeshushwa, dereva yuko chini na chai mkononi. Hapo ndipo unaligonga tairi mara mbili, unaliambia umefanya kazi. Si ulikuwa ukiniona Tunduma, likizo zile nilizokuwa nikikuchukua? Umewahi kunisikia nalisifu kabla?

Na hili gari lako, mwanangu, hilo ndilo kosa lake kubwa, nimelifikiria sana. Halifiki. Linazunguka. Ukimaliza mzunguko wanakupa mwingine, ukishinda wanakupa barabara nyingine, saa juu kule inahesabu kurudi nyuma, unakimbia na huendi popote. Hakuna pa kuegesha. Hakuna mlango wa kushukia. Sasa nitalisifu lini? Niambie wewe.

Kuna kidonda kidogo kwenye mguu huu uliobaki, si kitu. Wahiba ananisumbua na madawa yake. Niombee dua na ufanye kazi.

Baba yako,
Haroub


Chang'ombe, 25 Juni 1996

Shangazi Naima, shikamoo.

Baada ya khitma uliondoka bila kuniaga, na najua kwa nini. Ningekuja mwenyewe huko Tegeta kukuomba radhi, lakini watu bado wanakuja kutoa pole, siwezi kuwakimbia. Ndiyo nimeona niandike.

Shangazi, mie sikujiamulia. Siku zile za mwisho, wewe ukiwa jikoni unachuja uji, Baba aliniita nisogee. Akasema, "Hamoud asiambiwe mpaka amalize mkataba. Akisikia atatoroka bila pasipoti." Unamkumbuka yule kijana wa Sinza, aliyesikia mama yake kafa akamtoroka tajiri wake huko Arabuni? Akatiwa ndani, mama hakumzika, na kazi hakuipata tena. Baba alikuwa akimtaja huyo kila mara. Akanishika mkono huu ninaoandikia, akasema, "Huu ndio mkono wangu. Uendelee kuandika." Ningemjibu nini mtu anayekata roho? Nimwambie hapana?

Anwar naye, yule mwenzake Hamoud aliyekuja tena huku, nimemsihi asiseme akirudi Dubai. Kakubali, lakini kwa shingo upande.

Na jana umefika usukani. Kauleta mtu asiyetujua, kagonga mlango akauliza, "Hapa ndipo kwa Mzee Haroub? Mwambie mwanawe kamtumia." Nikasema ahsante, nitamwambia. Nimeufungua, mweusi, umeshonwa kwa ngozi ngozi pembeni. Nimekaa nao mapajani nimelia mpaka Shomari kaacha kazi yake kaja kuuliza kuna nini tena.

Nisamehe, Shangazi. Na nakuomba sana, usimwandikie Hamoud.

Mwanao,
Wahiba


Tegeta, 1 Julai 1996

Wahiba,

Marahaba. Radhi unayo, lakini na masikio unayo, kwa hiyo nisikilize.

Haroub ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, namjua kabla hajamjua mama yako. Sisemi umezua. Najua aliyasema hayo, maana hapa duniani alikuwa akiogopa kitu kimoja tu, wanawe wasihangaike. Lakini anayekata roho anasema kwa huruma. Mwenye kubaki ndiye wa kufikiri.

Umesoma chuoni, nikukumbushe tena? Mtu akifa amali zake zinakatika, na katika vichache vinavyobaki kumfaa ni mtoto mwema wa kumwombea. Kaka yangu ana mtoto wa kiume mmoja. Na huyo mmoja, saa hii ninayokuandikia, anainua mikono anasema Mola mponye Baba yangu. Amponye nani? Haroub yuko mchangani anangoja aombewe rehema, na mwanawe anamwombea mguu! Hiyo ndiyo dhuluma iliyoniondoa hapo nyumbani bila kuaga. Nilihofia nitasema mbele ya watu.

Halafu utaandika nini? Mkono wake ulikuwa wewe, sawa. Ule mdomo wake je? Ule ubishi, zile kejeli, utavitoa wapi? Wewe ni mtoto mpole, Wahiba, umechukua kwa mama yako. Njia ya mwongo ni fupi.

Simwandikii. Jambo hili nimekuachia wewe na Mola wako. Ila usilale nalo muda mrefu.

Shangazi yako,
Naima


Chang'ombe, 14 Julai 1996

Mwanangu mpendwa Hamoud,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, kile kidonda kinaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi wowote.

Usukani umefika salama na nakushukuru sana. Ni mzuri na unashikika. Sasa kona napinda bila taabu na vidole havichoki. Shomari ameupenda, anasema hata yeye angetaka wa namna hii.

Uliniomba neno moja nami nikakukatalia. Nimelifikiri tena. Mwanangu, gari ni zuri. Limefanya kazi. Nililigonga kwenye kioo mara mbili kama nilivyokuwa nikigonga tairi. Ulichagua vizuri, na umenifurahisha sana kuliko ninavyoweza kusema.

Fanya kazi yako, maliza mkataba wako, urudi kwa amani. Desemba si mbali.

Baba yako anayekupenda,
Haroub


Dubai, 6 Agosti 1996

Wahiba,

Barua hii nakuandikia wewe. Usinijibu kwa jina la Baba tena, nakuomba kwa jina la Mungu.

Ya mwisho niliipokea dukani asubuhi, nikaifungua hapo hapo, maana wenzangu walikuwa wamenizunguka wanangoja mzee kasemaje. Nikaanza kuwasomea. Mwanangu mpendwa. Nikasita kidogo. Baba lini kamwita mtu mpendwa? Nikasema labda uzee. Nikaendelea, nikafika pale pa gari ni zuri, limefanya kazi. Nikaikunja barua. Msudani akaniambia, malizia basi. Nikamwambia imekwisha.

Gari halisifiwi njiani, Wahiba. Linasifiwa safari ikiisha.

Nilimfuata Anwar chumbani kwake nikamwuliza, Baba yuko hai? Akaangalia viatu vyake. Nikarudi kazini nikauza mpaka jioni. Sijui niliuza nini. Ile kaseti ilikuwa inachezwa mbele yangu, mteja kabiringisha gari, likarudi kwa magurudumu yake, akashangilia. Nilitamani nimpokonye ile pedi.

Baada ya swala ya Ijumaa nilimwomba imamu, wakaswali pamoja nami swala ya ghaibu, ile ya kumswalia maiti aliye mbali, watu nisiowajua hata majina. Hivyo ndivyo nilivyomzika Baba yangu.

Nina hasira na wewe, sitakuficha. Toka ile barua ya Mei nainua mikono namwombea kidonda kipone. Kila swala. Nilikuwa namwombea afya mtu aliye kaburini, na wewe unajua. Labda mngeniambia ningetoroka kweli. Labda ningekaa. Sijui, na sitajua kamwe, kwa sababu hamkuniuliza. Sasa sitoroki. Nitamaliza, kwa kuwa alitaka nimalize.

Niambie aliumwa vipi. Niambie nani alimwosha, na kalala wapi. Niambie lolote alilosema. Kweli tupu, hata kama ni tusi.

Kaka yako,
Hamoud


Chang'ombe, 25 Agosti 1996

Kaka Hamoud, shikamoo.

Anayeandika ni mie na anayesema ni mie. Pole, kaka yangu. Tumefiwa. Nimechelewa kukuambia neno hilo na naomba unisamehe, si leo, utakapoweza.

Kile kidonda kilipanda haraka. Hospitali wakataka kuukata na mguu wa pili. Akamwambia daktari, "Wa breki mmeshauchukua, mkichukua na wa klachi nitarudije nyumbani?" Daktari akacheka, Baba hakucheka. Akakataa, tukamrudisha. Alikufa Alhamisi ya tarehe sita Juni, alasiri, Shangazi akimsomea Yasini na mie nimeshika kichwa chake. Aliyemwosha ni Shomari na maalim wa msikiti wetu. Kalazwa ubavuni kwa Mama, karibu na ukuta. Shomari kamchomelea kibao cha chuma, hakutaka cha mbao kisije kikaoza.

Ile barua, kaka, nilijua gari linasifiwa lini. Ya Mei niliiandika kwa mkono huu huu, Suleiman na turubai na tairi, yote. Nilikuwa nikidhani ni ubishi wake tu, kisingizio cha mtu asiyependa kusifu. Halafu nilikuwa naona lile ombi lako, neno moja tu likufikishe Desemba, na aliyetakiwa kulisema hayupo. Nikaona nani atampa kaka yangu? Nikalisema. Shangazi nilipomweleza alishika kichwa akasema, "We mtoto, umeshamwambia!" Sijui. Pengine ndivyo nilivyotaka.

Umesema nikuambie lolote alilosema. Kuna moja nililificha hata kwa Shangazi.

Siku tatu kabla, aliniambia washa mashine. Nikamwegemeza mito, nikampa pedi. Hakukimbia. Alikwenda taratibu sana, magari yote yakampita, akafika pale kabla ya mlima, akalitoa gari pembeni kwenye majani, akaliacha. Nikamwambia Baba, muda unakwisha. Akasema, "Uache ukwishe." Tukakaa tunatazama zile namba zikirudi nyuma mpaka maandishi yakatokea, kioo kikawa cheusi.

Nikamwambia, Baba, basi leo lisifu, nimwandikie Hamoud. Akasema, "La. Bado." Nikamwambia, basi msifu mwenyewe Hamoud. Akafumba macho, nikadhani kasinzia. Halafu akasema, "Huyo naye yuko njiani. Neno lake ninalo. Nitamwambia akifika."

Ni hayo tu, kaka. Neno lenyewe silijui. Nimelitafuta katika kila alichokisema na silipati, kaondoka nalo.

Mashine nimeifunika kitambaa, usukani uko juu yake. Njoo Desemba, kama ulivyosema. Sitakuandikia jambo zuri lolote mpaka hapo. Ukishafika, ukashusha mizigo, ukakaa barazani na chai mkononi, nitakugonga bega mara mbili nikuambie umefanya kazi. Kabla ya hapo sisemi kitu.

Mdogo wako,
Wahiba